Gambuti za Hatulii

Jina lake la kwenye cheti halikutumiwa na mtu. Kazini, nyumbani, hata dukani waliomzoea walimwita Hatulii, na mwenyewe aliitika kwa sababu hakuwa na muda wa kubishana. Mwanamke huyu hakai. Kiti kwake kilikuwa mahali pa kuwekea mkoba tu. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, aliwaambia wageni, "Mkitaka kuongea na mke wangu, mfuateni nyuma, tena mvae viatu vizuri."

Kazi yake ilimfaa. Alisimamia kikosi cha kung'oa magugu katika hifadhi ndogo ya pwani. Chini palikuwa na barabara ya vumbi, katikati vichaka vizito walimojificha paa na vipepeo wa kila rangi, na juu uwanda wa nyasi fupi unaotazama bahari. Kwenye uwanda huo aliishi ndege mdogo wa kahawia anayetaga chini kwenye nyasi fupi, na mahali pengine hataki ng'o. Adui wa wote hao alikuwa gugu karoti, lenye majani kama ya karoti na maua meupe madogo. Likiingia kwenye nyasi, ng'ombe hawali, ndege hatagi, na anayeling'oa huwashwa mpaka viwikoni. Hatulii alikuwa amewashwa miaka kumi na mmoja. Daktari alimshauri abadili kazi, naye akabadili daktari.

Kando ya barabara gugu lilijaa tele. Uwandani halikuwapo hata moja, na hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya maisha yake. Kwa hiyo siku alipoliona la kwanza huko juu, mvua zilipokatika, alihisi kama kakuta mwizi chumbani. Wiki iliyofuata yalikuwa sita, na baada ya hapo hayakuhesabika. Chakula kikamshinda, akawa anajikuna na kuuliza kila mtu nani kalipandisha. Jibu alikuwa nalo tayari. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alichunga ng'ombe kumi uwandani kwa ruhusa ya hifadhi, ili nyasi zibaki fupi na vichaka visipande juu.

"Shemeji, ng'ombe wako wananiletea gugu kwenye kwato," alimvaa siku hiyo hiyo, hata salamu hakutoa.

"Ng'ombe wangu wanalala huku huku juu. Barabarani waende kufanya nini, kununua vocha?"

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Nakwambia hawashuki."

Hatulii hakusikia la mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa hifadhi, mwanamke mpole mwenye miwani, akaeleza yote akizunguka meza yake. Mkuu akaitisha kikao cha Alhamisi. Ikithibitika, ng'ombe wangeondoka uwandani moja kwa moja, na shemeji hakuwa na malisho mengine wala kazi nyingine. Nyumbani watu walianza kula kimya kimya. Mama mkwe alimwita pembeni akamwuliza, "Mwanangu, una hakika?" Akajibu, "Mama, mimi na hili gugu tunajuana," akaondoka kabla hajaulizwa tena.

Jumatano mchana alipanda na vijiti arobaini alivyovifunga vitambaa vyekundu. Alichomeka kimoja kila palipokuwa na gugu, ili mkuu apige picha na ushahidi uonekane. Alifanya kazi mbio mbio, akinung'unika, bila kuinua kichwa. Vijiti vilipokwisha akasimama juu ya kichuguu ajionee njia ya ng'ombe ilivyosambaza balaa.

Njia ya ng'ombe ilikuwa upande wa kushoto, tupu, haina kitambaa hata kimoja. Vitambaa vyote vilifuata kijia chembamba kilichotoka barabarani, kikapenya vichakani, kikaishia kwenye jiwe bapa. Kulizunguka jiwe, vijiti vilibanana.

Kijia kile ni chake. Kila siku saa nne, akiwa ametoka kung'oa kwenye tope la barabarani, alishindwa kungoja wenzake wamalize mapumziko, akapanda kuangalia kama uwanda uko salama. Hakuna aliyemtuma. Na pale kwenye jiwe, kila siku, alisimama kwa mguu mmoja akagonga gambuti zake tope litoke, zikiwa na mbegu za gugu zisizoonekana kwa macho. Aliwafundisha wengine kwa ukali kwamba anayetoka chini haendi juu kabla ya kuosha viatu. Mwenyewe alijiona hahesabiki, kwa kuwa anapita mara moja tu.

Aliona aibu, na aibu ilimwambia jambo la haraka: ng'oa magugu ya kwenye jiwe, hamisha vijiti kushoto, kesho nani atajua? Aling'oa vijiti vitatu. Alipoinua macho, ng'ombe walikuwa wanakula taratibu ng'ambo, na shemeji alikuwa akimtazama. Akavirudisha.

Alhamisi asubuhi kwenye kikao mkuu alianza kusema, Hatulii akamkatiza.

"Ng'ombe hawana kosa. Ni mimi. Ni gambuti zangu. Nendeni mkaone vijiti."

Kikosi kiliinamisha vichwa. Mkuu alivua miwani. "Kuanzia kesho hapandi mtu bila kuoshwa viatu langoni. Kikosi atasimamia mwingine. Langoni utakaa wewe."

Alipewa ndoo, brashi na kigoda. Kukaa! Siku ya kwanza aliinuka mara ishirini. Kutoka kigodani aliuona mteremko wote, na kila cheupe kilichotikisika kule juu kilimwasha kuliko mikono yake. Watu walileta miguu, akasugua, wakapita kwenda alikotaka kwenda yeye.

Siku ya tatu alikuja shemeji kutoka barabarani na ng'ombe wote nyuma yake. Hawakuwa wamesemeshana tangu kikao.

"Leo nimewashusha joshoni kuogeshwa dawa, mara ya kwanza tangu mvua zianze," alisema. "Kwato arobaini, shemeji. Zisugue vizuri, nasikia zinabeba magugu."

Hatulii alicheka mpaka brashi ikamponyoka, kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko. "Nisamehe, shemeji."

"Sugua kwanza." Alimshika ng'ombe wa mbele mguu, akauinua. "Kwenye jiwe lako yameota mengine saba. Nimeyang'oa."

Hatulii aliinuka nusu, shingo imeelekea juu. "Na mizizi?"

"Na mizizi."

"Uliyafunga mfukoni? Hukuyatupa hapo hapo?"

"Shemeji."

Alitazama mteremko kwa muda. Kisha akakaa, akavuta ndoo karibu.

"Haya," alisema. "Lete mguu mwingine."