Ghanim Atembezwa kwa Mama Mkwe

Ghanim wa Hadibo hajui kunyamaza, ndiyo maana wageni wanampenda. Akikutembeza kisiwani Sokotra siku moja tu, unarudi umeona mapango, mabonde na magofu, na umejua nani kamposa nani. Lakini asubuhi ile alipowapakia Marek na mkewe Halina, wazee wawili kutoka Poland ambao ndege yao ilikuwa inaondoka kesho yake, aliendesha kimya kama mtu anayeumwa jino. Nyumbani kwake hakukuwa na mke, na alimtaka arudi.

Kosa lilikuwa lake, tusimtetee. Majuma machache nyuma alikuwa anawakimbiza wageni wengine magharibi, wawahi kuliona jua likizama baharini. Pale Diksam, juu mlimani, mama mkwe wake, Bi Saluma, akasimama kando ya njia na bakuli la maziwa, kama afanyavyo kila akilisikia gari la mkwewe likipanda. Ghanim akapunga mkono, akapita. Vioo vimefungwa, kiyoyozi kinavuma, na vumbi lote likatua kwenye maziwa ya watu. Astaghfirullah! Huku kwetu hata mtu mnayegombania naye kisima ukimkuta njiani unasimama, mnagusana pua, mnaulizana hali za mbuzi, ndipo mnaendelea na ugomvi wenu. Sembuse mama aliyekuzalia mke! Jioni ile ile habari ikafika Hadibo, na mkewe, Nufa, akafunga nguo zake.

"Mama yangu si nguzo ya umeme upite tu," alimwambia. "Siku utakayoikumbuka nyumba yake, utanikuta huko."

Angekwenda kesho yake akaomba radhi, yangekwisha. Mwanamume akashikwa na aibu. Akangoja kesho, kesho kutwa, mpaka akaona haya hata kuutazama mlima wenyewe. Akawa anashindia chai na biskuti, na kikoi anafua mwenyewe.

Basi siku hiyo, akiwapeleka wazee wale nao magharibi kuliona jua likizama, ili asipite mbele ya nyumba ile akashika njia ya juu, ya mawe matupu.

"Huku mandhari ni nzuri zaidi," akawadanganya wageni kwa Kiingereza chake. Marek alikuwa ameshika kiuno kwa mikono miwili, mandhari ataionea wapi!

Walipofika kwenye miti ya damu, ile iliyofunguka juu kama miavuli, Ghanim akachangamka kidogo. Akawaonyesha utomvu mwekundu uliokauka kwenye gome, akawaeleza jinsi wanawake wanavyopambia vyungu na jinsi yeye alivyopakwa kwenye kidonda utotoni akapona. Halina akakaa kivulini, akavua kofia yake ya ukili, akaiweka kando. Alipogeuka, mbuzi alikuwa ameshaila nusu na anaendelea.

"Mbuzi wa nani huyu?" Marek aliuliza huku akicheka.

Ghanim akatazama masikio. La kushoto limepasuliwa mara mbili, la kulia limekatwa ncha. Alama hiyo mtoto wa Diksam anaijua kabla hajajua kutembea.

"Sijui," akasema.

"Hujui!" sauti ikatoka nyuma ya jabali. Nufa huyo, fimbo begani, ndiye mchungaji. Kiingereza alikuwa anakielewa vizuri, alifundishwa na mumewe mwenyewe. "Humjui mbuzi wa kwetu? Si mama yake uliyemla siku ya harusi, ukaomba na supu?"

"Nufa..." Ghanim akamtazama juu hadi chini. "Umenenepa."

"Na wewe umekonda. Biskuti hizo, eh?"

"Nani kakwambia?"

"Nani hajaniambia!" Akamgeukia Halina, akamshika mkono kwa upole. "Mwambie mama huyu kwamba mbuzi wetu kala kofia yake, kwa hiyo leo na yeye atakula kwetu. Na wewe uje, maana gari halijiendeshi."

Bi Saluma aliwapokea mlangoni. Halina akagusanishwa pua, Marek akaonyeshwa mkeka. Halafu mama akamnyooshea Ghanim mkono, kama mtu asiyemfahamu.

"Karibu, mgeni. Umetoka nchi gani?"

"Mama, ni mimi."

"Njoo nikutembeze. Na uwatafsirie wenzako, nasikia ndiyo kazi yako." Akaanza kutembea, mkono mgongoni. "Huu ni mlango. Watu huingilia hapa. Hili ni jiwe alilokalia kijana mmoja alipokuja kuposa, akaapa atakuwa mwanangu. Ile kule ni njia ya gari. Magari mengine husimama, mengine naona hayana breki. Na hili ni bakuli. Bakuli hili lina historia ndefu."

Ghanim akatafsiri neno kwa neno, jasho linamtoka. Nufa alikuwa amejifunika mdomo kwa ushungi, mabega yanamtikisika. Marek akaomba kulipiga picha bakuli. Kisha Halina, kwa nia njema kabisa, akauliza swali. Ghanim akamgeukia mama mkwe.

"Mama, wanauliza... yule kijana alirudi?"

Mabega ya Nufa yakatulia.

"Waambie sijui," alisema Bi Saluma, na mzaha ulikuwa umemtoka sautini. "Mara ya mwisho alikuwa na haraka. Niliyamwaga yale maziwa, nikalia."

Hapo Ghanim aliona uchungu kuliko siku zote za biskuti. Akatoa ufunguo wa gari, akautia ndani ya bakuli.

"Amerudi, mama. Amekosa, na leo hana haraka."

Akawageukia wageni, akawaambia kweli: wakikaa kula hapa, jua la magharibi hawataliwahi. Marek alikuwa ameshavua viatu.

Mbuzi akachinjwa, si yule wa kofia, huyo Halina alimwombea asamehewe. Wakala nyama na wali, wakanywa mtindi. Bi Saluma akachagua kipande cha ini, akamtilia Ghanim mkononi bila kumtazama.

"Kula. Unanitia aibu, watu watasema binti yangu hajui kupika."

Jua lilipoinama, Nufa akatoka na kifurushi chake, akaketi kiti cha mbele.

"Tunashuka na njia ya chini," alisema.

Wakaagana, gari likaondoka. Bi Saluma alikuwa ameshasimama pale pale pake kando ya njia, bakuli mkononi. Gari lilipomfikia, Ghanim akafunga breki. Akashusha vioo vyote, akateremka, akamwamkia mama mkwe upya, akamuuliza hali, akamuuliza goti, akawaulizia mbuzi, akaiulizia na mvua.

"Si tumeagana sasa hivi, mwehu wewe?"

"Ndiyo, mama. Lakini nimekukuta njiani."

Bi Saluma akacheka mpaka ushungi ukamwanguka, akampa bakuli kwa mikono miwili. Ghanim akanywa yote, amesimama juani, wageni wakimngoja.