Gauni Lisilo na Mifuko

Msemaji wa mkoa mmoja wa kusini mwa Ufilipino ametangaza kwamba hali imedhibitiwa kikamilifu. Wenye siasa kali waliolipua bomu Jumapili mbele ya kanisa wamebaki wachache, hawana uwezo tena, na shughuli zote za kawaida zinaendelea. Wananchi wameombwa wasitie chumvi.

Léocadie alilisoma tangazo hilo Jumatatu kwenye simu, katika chumba chake cha ushonaji huko Doornfontein, Joburg, akaliamini. Lilikuwa limeandikwa vizuri. Mdogo wake, Sista Murielle, alikuwa na mwaka wa sita akifundisha shule ya parokia ya kanisa hilohilo, na tangu Jumapili simu yake haikupatikana. Mitambo, Léocadie alijiambia. Bomu likilipuka, lazima mitambo iharibike.

Kwenye cherehani palikuwa na gauni la kijivu la Murielle. Mama yao alipofariki Bukavu, Léocadie ndiye aliyemlea, na tangu siku hiyo Murielle hakuvaa nguo iliyoshonwa na mkono mwingine. Hata utawa haukubadili hilo. Vipimo vilisafiri kwa simu, magauni kwa kifurushi. Safari hii alimwomba dada yake mkubwa jambo moja.

"Yaya, usiweke mifuko. Askari wanapekua kila mfuko pale mlangoni pa kanisa, foleni inafika barabarani, jua linatumaliza kabla hatujasali."

Léocadie, ambaye hajawahi kumshonea mwanamke gauni lisilo na mfuko, alinung'unika juma zima, kisha akatii.

Jumanne saa tano asubuhi waliingia Papa Ezéchiel, mkuu wa jumuiya ya Wakongo parokiani kwao, na Mama Jocelyne, jirani. Jocelyne alisema amekuja kupimwa sketi.

"Na wewe, Papa, unapimwa sketi?"

"Mimi namsindikiza tu, Ma Léo."

"Na kravati?"

Papa Ezéchiel ni mlinzi wa duka moja Kensington. Tai hiyo huonekana Pasaka na mazishini tu. Aliishika kana kwamba ni mtu mwingine aliyemfungia.

Léocadie akachukua futi, akamzungushia Jocelyne kiunoni. "Eish, Mama! Huu mwili wa Joburg sasa. Kitambaa utaleta cha watu wawili."

Jocelyne, ambaye kwa utani kama huo angemrudishia mara tatu, alitazama sakafu.

Kwao habari ya kifo haisemwi kwa simu. Huletwa kwa miguu, na watu wazima, nao huanza na jambo jingine. Léocadie mwenyewe amekwisha kupeleka habari za namna hiyo mara nne. Mara moja alijifanya amekwenda kuazima uzi. Akaikunja futi taratibu.

"Sketi ya rangi gani?"

"Yoyote," alisema Jocelyne.

"Ni Murielle?"

Papa Ezéchiel alipeleka mkono kichwani kuvua kofia. Hakuwa na kofia.

"Masista walimpigia padri wetu jana jioni. Alikuwa kwenye foleni na watoto, Ma Léo. Hawakuwa wamefika mlangoni."

"Foleni ya kupekuliwa."

"Ndiyo."

Léocadie alilishika gauni ubavuni, pale ambapo mfuko ungekaa.

"Basi ningemwekea tu mifuko," alisema.

Kilio kilikuja baadaye, na Jocelyne alikipokea kifuani mwake. Padri alipopiga simu tena, masista waliahidi kuchelewesha mazishi ili Murielle avishwe gauni la dada yake. Léocadie alilimaliza siku ileile. Aliweka mifuko miwili, mikubwa, ya kuingia kiganja kizima.

Jumatano asubuhi alivuka kwenye taa za roboti na bahasha yenye gauni kwapani, akapanga mstari kwenye ofisi ya vifurushi. Dada wa kaunta alikuwa na adabu. Aliandika jina la kisiwa alichokuwa akiishi Murielle kwenye kompyuta, akaliandika tena, akairudisha bahasha juu ya meza.

Mizigo ya kwenda kule ilikuwa imesitishwa tangu Jumapili, kwa sababu za kiusalama, hadi itakapotangazwa vinginevyo.