Kitufe Nilichodanganya Kuwa Nakifinya

Wiki jana tulimzika fundi umeme wetu hapa Mweso, na pale msibani kila aliyefika aliuliza jambo lile lile: "Ni umeme njo ilimuua?" Hata! Ni figo. Mtu aliyeshika nyaya maisha yake yote, watu walitaka afe nazo mkononi. Mimi nilijua isingewezekana, maana sijaona mtu aliyeuogopa umeme kama yule.

Nilimwona kazini siku moja, kwenye zahanati moja ya mlimani, mke wangu akiwa amelazwa wadi ya wazazi. Diferansieli, ile swichi inayokata umeme ukivuja, ilikuwa ikikata kila siku, hadi mtu mmoja akaipitisha kando kwa kipande cha waya. Watu wakashukuru! Fundi alipouona ule waya hakuugusa. Kisha akapita chumba kwa chumba kutangaza kwamba umeme utakatika, akangoja kila kifaa kichomolewe. Akazima swichi kuu, akapima nyaya kuhakikisha hazina umeme, ndipo akautoa ule waya.

Alipowasha tena, alifinya kitufe kidogo cha majaribio cha diferansieli: ta! Ikakata. Muuguzi akapiga makofi.

"Bado, Mama," fundi akamwambia. "Kitufe inasema tu swichi iko muzima. Haiseme kama waya ya udongo inashika."

Akatoa kipimo kingine, akapima na huo waya uliozikwa ardhini. Akaahidi kurudi kiangazi kuupima tena, kwa sababu udongo uliolowa mvua humdanganya fundi. Halafu akawasha, akachomeka vifaa kimoja kimoja. Kwenye birika kubwa la chuma, swichi ikakata.

"Unaona? Haikukuwa mubaya. Ilikuwa inasema kweli, mukaifunga kinywa."

Mke wangu alikuwa akichota maji ya moto kwenye birika hilo kila asubuhi. 

Tangu siku hiyo najiuliza. Sisi watu wa milima hii hatuweki maharage ghalani bila kuyang'ata kwanza tujue kama yamekauka. Kwa nini kinga ya uhai wetu tunaiamini kwa kuitazama tu?

Nasema "sisi" nikijificha. Fundi alinifungia diferansieli nyumbani, akaniagiza nifinye kitufe chake kila mwezi, na kila tukikutana sokoni aliuliza, "Papa, uko unafinya?" Nami nikajibu, "Kila mwezi!" Uongo mtupu. Sikuwahi kukifinya hata mara moja.

Nilipotoka makaburini nilimwambia binti yangu aache pasi, nikafinya. Kimya. Nikafinya tena. Taa ikaendelea kuwaka.

"Papa, ilipaswa kukata?"

"Njo ilipaswa."

Imekufa tangu lini, sijui, na ningejua kama ningefanya nilichokuwa nasema nafanya. Ee, ndugu msomaji, nenda ukafinye chako leo. Mimi nilizima swichi kuu, nikachukua simu nimwite fundi, na jina lake lilikuwa limeshatokea kwenye kioo nilipokumbuka ninatoka wapi.