Njia ya Panya Juu ya Theluji

Kuna asubuhi moja ambayo sijaisahau, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata miwani iliyo usoni pangu. Nimesikia wewe na wenzako wa kwaya mnajiandaa kwenda kupanda Rwenzori, na kwamba mmeshanunua makoti mazito ya mitumba na kupigana picha mkiwa mmeyavaa hapa Tororo, kwenye jua kali. Vizuri. Kabla hamjaondoka, kaa nikueleze jinsi nilivyokaribia kumuua rafiki yangu kwa ujanja.

Sisi watu wa Kisoko ni wakulima, lakini mimi jembe lilinishinda mapema. Nilikuwa na baiskeli, nikawa nabeba mizigo, hasa sukari, pale Busia, kutoka upande huu wa mpaka wa Kenya kwenda upande wa pili. Wenzangu walipanga foleni kwenye kizuizi. Mimi nilipita katika shamba la mihogo la mama mmoja mjane, nikamsalimia, nikatokea ng'ambo kabla wao hawajasogea hatua tatu. Ndizo njia za panya, nami nilizijua zote, hata mbwa wa kule walichoka kunibwekea. Nikaamini kabisa kwamba popote palipofungwa pana pa kuzungukia, na pasipo na pa kuzungukia pana mtu wa kuongea naye. Akili hiyo ilinilisha vizuri kwa muda mrefu.

Basi shemeji yangu aliyekuwa Kasese akanipatia kibarua cha kubeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima huohuo wa Rwenzori. Nikaenda na rafiki yangu Ojambo, Msamia wa Lunyo, kijana mpole, mtoto wa pekee wa mama yake. Siku ya kuondoka yule mama alinishika mkono. "Huyu hajui dunia," akaniambia. "Wewe unajua. Atakufuata." Nikavimba kichwa safari nzima.

Kiongozi wetu alikuwa Mzee Baluku, Mkonzo wa kulekule mlimani, mfupi mwenye miguu ya matege, asiyependa maneno mengi. Tulipanda siku nne kwenye matope, ya tano tukaifikia theluji. Nisikufiche, ilinipumbaza. Niliijaza kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga vizuri, nimpelekee mama yangu Kisoko aone. Jioni nikafungua nikakuta maji. Nikamshutumu Ojambo kwamba amekula theluji yangu na kunijazia maji ili nisigundue. Tuligombana mpaka Mzee Baluku akaja kutuamua, na alituamua akiwa ametupa mgongo, mabega yakimtikisika.

Asubuhi iliyofuata ndiyo ninayoisema. Theluji mpya ilikuwa imeanguka kwa wingi, pamoja na upepo, na sasa jua likatoka kali. Mbele yetu palikuwa na mteremko mweupe, laini, na ng'ambo yake kibanda tulichokuwa tunakiendea, unakiona kabisa. Mzee Baluku akasimama. Akachimba shimo kwa sepeto na kutuonyesha: chini kuna barafu ngumu ya zamani, juu yake theluji mpya iliyorundikwa na upepo, na hizo mbili hazijashikana. Akasema ni kama magunia yaliyopangwa juu ya turubai lenye mafuta, na lori limeinama. Kisha akalaza fimbo yake njiani.

"Leo hapa hakuna mutu anapita," akasema. "Tunazunguka kwa mawe."

Kuzunguka kwa mawe ilikuwa kazi ya nusu siku. Wenzangu wakaketi kunywa chai kwanza. Mimi nikaitazama ile fimbo, mwanangu, nikaona kizuizi cha forodha. Nikamvuta Mzee pembeni, nikampa mkono, na ndani ya mkono mlikuwa na kipande cha sabuni ya kuogea kutoka Kenya, yenye harufu nzuri, bado imo katika karatasi yake.

"Hii ya nini?" akaniuliza.

"Ya kusalimiana tu, Mzee. Mimi na ndugu yangu tupite kidogo."

Akainusa, akaitia mfukoni, nami nikafurahi. "Asante, nitaoga," akasema. "Sasa nenda uongee na theluji. Mimi sikufunga hii njia, ni yeye amefunga."

Hapo mtu mwenye akili angerudi kwenye chai. Mimi niliona tu kwamba Mzee anaona haya mbele ya watu. Nikamnong'oneza Ojambo kwamba sabuni imeshaliwa, twende tupitie chini ya jabali, kama ninavyopita kwa yule mjane.

Ojambo akautazama mteremko, akanitazama mimi. "Wewe unajua hapa?"

"Napajua," nikasema. Nimesema uongo mwingi mpakani, lakini huo ndio unaoniuma mpaka leo.

Tukaingia. Mimi mbele, yeye nyuma akikanyaga palepale nilipokanyaga, mgongoni amebeba sufuria kubwa ya mpishi. Hatujafika mbali, chini yetu pakatoa sauti nzito, kama gunia lililodondoshwa chumba cha jirani. Ufa ukakimbia kwenye theluji, ukapita kati yangu na Ojambo, na upande wake wote ukaondoka. Nilimwona anateremka nao ameketi, kama mtu aliyepewa lifti asiyoiomba, kisha sikumwona tena.

Niliogopa, mwanangu. Mimi niliyekuwa na neno la kumwambia kila askari wa mpaka, nilishindwa hata kumwita kwa jina. Kumbe Mzee Baluku hakurudi kwenye chai. Baada ya sabuni alipanda juu ya jabali atuchunge, maana alijua mtu wa namna yangu hakati tamaa upesi, lakini alipofika juu tulikuwa tumeshaingia. Alikuwa amenyoosha kidole mahali Ojambo alipopotelea, na hakukishusha mpaka watu walipofika pale. Wakachimba kwa sepeto, kwa sahani, kwa vifuniko. Sahani ya mpishi ikagonga chuma. Ilikuwa ile sufuria, na chini yake Ojambo, midomo imekuwa ya buluu. Akatema theluji, akavuta pumzi, akauliza kama sufuria imepinda. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Mimi nililia tu.

Mzee hakunipiga. "Kwenu kizuizi kinachunga sukari," akaniambia. "Hapa kinachunga wewe. Utaenda kwa mama ya huyu, na wewe ndio utasema, si yeye."

Nikaenda Lunyo. Mama Ojambo alinisikiliza akichambua maharage mpaka nikamaliza. Nilingoja matusi. Akaniuliza, "Alikuuliza kama unajua njia?"

"Aliniuliza, mama."

"Ukamjibu nini?"

Nikamwambia. Aliingia ndani, akaniacha na kuku wake. Alipotoka aliniwekea sahani ya chakula, akaenda kuketi mbali nami. Sijawahi kumeza chakula kigumu kama kile.

Kwa hiyo nakuambia waziwazi. Theluji mpya ikianguka na upepo, kisha jua likatoka, msiwe na haraka. Mkisikia sauti chini ya miguu au mkiona ufa, rudini mlikotoka, hata kama kibanda mnakiona. Pakiwa ni lazima kupita, apite mmoja mmoja na wengine wamtazame. Kiongozi akikataa, kunyweni chai. Wanasema siku hizi barafu ya kule imepungua, lakini iliyobaki inatosha kumfunika mtu. Na wewe nakujua, umerithi ulimi wangu, wenzako watakufuata. Ukiulizwa kama unapajua mahali, na hupajui, sema hupajui, hata kama yule msichana wa sauti ya kwanza anasikia.

Nenda na baraka zangu. Mungu aishike miguu yenu, awarudishe nyote kwa hesabu mliyotoka nayo, na mama wa kila mwenzako akuwekee chakula na kuketi ale pamoja nawe.