Sigara za Bure Makambako

Juma lililopita, nikisubiri basi la Njombe pale Makambako, nilimwona wakala wa sigara, kijana wa suti, akigawa sigara za bure. Akina mama wa kijijini kwetu Kifanya, waliokuwa wakisubiri basi hilo hilo, walizipokea kwa mikono miwili, wakipiga goti kidogo, maana kwetu zawadi haikataliwi mbele za watu.

Kijana akachekelea. "Mnaona? Hata akina mama wamezipenda! Haya, washeni."

Hakuna aliyewasha. Mama mmoja alizikusanya zote kwenye pindo la kanga, akafunga fundo.

"Ahsante, mwanangu. Sisi hatuvuti. Tutaziloweka, maji yake tunyunyizie kabichi. Habaki mdudu."

Kijana akaitazama sigara iliyokuwa ikiwaka vidoleni mwake. Akakohoa. "Kwa hiyo nisilete tena?"

"Lete!" wakadakia wote. "Kabichi ni nyingi."

Nilipanda basi kifua mbele, nikijivunia kuwa mtu wa huku. Nasikia wakubwa wa kampuni za sigara bado wanabishana na madaktari kama tumbaku inadhuru mwili. Wakichoka, waje Kifanya wawaulize wadudu wetu, kama watampata hata mmoja wa kuwajibu.