Mwalimu Ndeshi, aliyeigiza darasa zima peke yake

Akili yangu inakataa kabisa. Jana asubuhi binti yake kanipigia simu: "Shangazi, Mama ametutoka." Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikakaa chini sakafuni, na magoti yangu haya ya miaka themanini na tisa.

Wengi mnaonifuata humu niliwafundisha mimi. Leo nawaambia habari za mwalimu aliyenizidi. Ndeshukurwa, sisi tulimwita Ndeshi. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Tulikuwa wasichana wawili, walimu wapya, chumba kimoja cha kupanga mjini, mtaa wa Kaloleni. Yeye Mmeru wa mlimani, kwao kahawa na migomba. Mimi Mchaga, baba yangu fundi cherehani pale mjini.

Shule yetu ilikuwa nyuma ya soko. Darasani kwake watoto walibanana wanne kwenye dawati la wawili, waliobaki wakakaa chini. Huyu anaongea Kimeru, huyu Kimasai, huyu Kichaga. Kelele za wachuuzi zikiingia dirishani.

Jioni akirudi anavua viatu, anaanza. Jamani! Anageuka mtoto mmoja, halafu mwingine. Yule anayesinzia kwa sababu amebeba maziwa kutoka Kimandolu tangu alfajiri. Yule anayenyoosha kidole kila swali, "Mwalimu, mimi! Mimi!", na jibu hana. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Hapo ndipo ikazaliwa shoo yake. Saa nzima, mtu mmoja, kiti kimoja, darasa zima.

Nikamuuliza, "Nani atakuja kumtazama mwalimu anaigiza kufundisha?"

"Wazazi. Hawajawahi kuingia darasani kwangu. Waone watoto wao wanavyokaa."

Na wakaja! Jumamosi alasiri, ukumbi ukajaa, wengine wamesimama nje madirishani. Safu ya mbele kabisa kakaa inspekta wa elimu, Mzungu, anayejua Kiswahili cha maneno mawili matatu. Hedimasta akanivuta pembeni: "Wewe Kiingereza chako kizuri. Kaa naye, umtafsirie."

Mwanzoni watu walicheka sana. Hata inspekta alicheka.

Kisha Ndeshi akafika kwenye mtihani wa darasa la nne.

Mliozaliwa baadaye hamuujui. Wachache waliendelea. Wengine wote shule iliishia hapo, wana miaka kumi, kumi na mmoja.

Alishika rejista isiyokuwepo, akaanza kuita majina. Kila jina anasubiri. Kimya. Jina jingine. Kimya. Mama mmoja kule nyuma akaangua kilio, kwa sababu lile lilikuwa jina la mwanae.

Ndeshi akaweka mikono nyuma, akatembea kama inspekta, akasema kwa sauti ya inspekta: "Vizuri sana, mwalimu. Sasa darasa lina nafasi."

Ukumbi ulilipuka. Wengine wanacheka, wengine wanalia, wengine wanapiga miguu chini.

Inspekta akanigeukia. "Kasema nini?"

"Anasema watoto wanajitahidi, bwana."

"Hilo la vizuri sana nimelisikia. Na hayo mengine?"

Nikarudisha macho jukwaani. Akasema taratibu, bila hasira: "Miss, nimekuuliza swali."

Nikamwambia. Neno kwa neno.

Uoga, nadhani. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na kazi ya serikali, na baba aliyejivunia kazi hiyo kuliko kitu chochote duniani.

Hakufoka. Alisimama, akachukua kofia yake, akatoka Ndeshi hajamaliza.

Wiki iliyofuata barua ikaja. Ndeshi kaachishwa kazi. Jumatatu yake darasa lake nikapewa mimi. Niliingia, watoto wakasimama, "Shikamoo mwalimu," na mmoja akaniuliza, "Mwalimu wetu anaumwa?"

Ndeshi akarudi kwao mlimani, akalima. Akaolewa, nikawa msimamizi wa harusi yake. Akazaa, nikasimama kanisani kwenye ubatizo. Uhuru ulipokuja nilimwambia sasa rudi kufundisha, akacheka: "Migomba yangu haina inspekta." Jukwaani hakupanda tena maisha yake yote. Mimi nikapata transfer, nikapanda cheo, mpaka ualimu mkuu.

Siku ile ya ukumbini hatukuitaja. Hata mara moja.

Mwezi uliopita nilimtembelea Kimandolu kwa binti yake. Alikuwa amepungua sana, anakunywa uji kwa kijiko. Nikasema sasa basi. "Ndeshi, mimi ndiye niliyemwambia yule Mzungu ulichosema."

Akaweka kijiko chini.

"Eli, mlikuwa hatua tano kutoka niliposimama. Nilikusikia. Ulipomdanganya mara ya kwanza nilitaka kushuka nikuzabe kofi. Mimi nilitaka asikie! Ulipomwambia, ndipo moyo wangu ukatulia."

Halafu akaniomba nimwongezee sukari kwenye uji.

Nimetembea na maneno yako hayo mwezi mzima, Ndeshi dada yangu. Nataka kuyaamini. Lakini wewe uliweza kuwa mtu yeyote uliyemtaka. Nilikukazia macho usoni, na sikujua kama anayesema ni Ndeshi, au ni mtu uliyemtengeneza pale pale ili mimi nipone.

Nilipanga kuja Jumapili hii kukuuliza tena. Badala yake nakuja kukuzika.

Kama ulisema kweli, asante. Kama uliniigizia, asante pia, na unisamehe.

Lala wewe, Ndeshi, ulale salama. Mimi bado sijapata usingizi.