Kunde Moja Hadi Kiwayu

Enzi zetu sisi... cheka ukitaka, najua bado navaa sare ya shule na nikiulizwa swali darasani natetemeka. Lakini nyinyi wa rika langu, wa mtaa wetu wa Mkomani, mtanielewa. Tulikuwa na mchezo ambao hauuzwi duka lolote.

Tulichana boksi la biskuti, tukalitandaza kwenye daka letu, kile kibaraza cha mlangoni, tukachora kwa makaa ndia ya baharini, njia ya vyombo kutoka Mokowe mpaka Kiwayu. Vyombo vyetu vilikuwa vifuniko vya soda. Ukirusha kauri, zilizolala kwa mgongo ndizo hatua zako. Kila nahodha alipewa kiganja cha kunde, ndiyo maji yake ya kunywa, na kila zamu alitoa moja. Zikiisha umekufa kiu, kaa kando. Mama alikuwa akipaza sauti kutoka jikoni, "Kunde zangu mkizimaliza huko Kiwayu, mchana mtakula makaa!"

Katikati ya safari kulikuwa na Mkanda, ule mkono mwembamba wa bahari kati ya mikoko. Nani wa kwetu hajui kwamba maji yakitoka pale, chombo hukaa topeni? Kwa hiyo tuliweka gamba la chaza: likiwa chali maji yamejaa, likiwa kifudifudi yametoka. Aliyekwama alitoa kunde mbili kila zamu, maana kusukuma chombo juani kunakausha koo. Kuligeuza gamba kila baada ya mizunguko michache ilikuwa kazi yangu. Omari, mtoto wa ami yangu, alisema nahodha lazima awe na sauti, mimi sina. Aliniita Bi Kimya.

Siku moja mwenzetu aliitwa kwao, chombo chake kikabaki kitupu.

"Haya, Bi Kimya, panda," Omari akasema. "Ila ukifa kiu, unarudi kwenye gamba lako, na hutoki tena."

Nilipofika mdomoni mwa Mkanda nikasimama. Gamba lilikuwa chali bado, lakini mimi niliyeligeuza siku zote nilijua maji yako karibu kutoka. Nikatoa kunde, kauri sikurusha. Zamu iliyofuata, vivyo hivyo.

"Bi harusi huyo!" Omari akapiga kelele. "Hatoki ndani mpaka apigiwe vigelegele!"

Daka zima likacheka. Akanipita, akaingia Mkanda kifua mbele. Mizunguko ikatimia, na kwa kuwa gamba bado lilikuwa kazi yangu, nikaligeuza, kifudifudi.

Alikaa topeni akitoa mbili, mbili, mpaka kiganja kikawa cheupe, hakina hata kunde moja.

"Ah! Mimi nimekufa?"

"Umekufa, bwana. Inna lillahi," wenzetu wakamjibu.

Maji yalipojaa nilirusha kauri, na Mungu si Athumani, zote zikalala kwa mgongo. Nilitia nanga Kiwayu na kunde moja. Sikupiga kelele. Niliitia mdomoni nikaitafuna mbichi, mbele ya macho yao. Kuanzia siku ile mimi nilikuwa nahodha, na gamba aligeuza Omari.

Siku hizi mdogo wangu anacheza kwenye simu. Akifa anabonyeza tu, anafufuka, hata shahada hajatoa. Nilipomsimulia habari za Mkanda akaniuliza, "Kwani hamkuwa na bando?" Alasiri nikirudi shule namkuta yeye na wenzake wamejaa pale pale dakani kwetu, vichwa chini, kila mmoja na skrini yake, na huwasikii hata wakigombana.